Nilikata tiketi za ndege za familia mtandaoni, nikapanda peke yangu

Wakuu, heshima kwenu nyote, mliozeeka na mnaozeeka.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, si mwandishi. Leo naandika kwa sababu naona vijana wanaulizana kuhusu hizi tovuti za kukata tiketi za ndege, na wanaowajibu ni watu ambao uwanja wa ndege wameuona kwenye picha.

Mimi nimefika. Haya yamenikuta mwenyewe, na mke wangu yuko hapa pembeni anasoma ninavyoandika. Nikiongeza chumvi atanisahihisha kwa sauti.

Kwanza mnijue. Naitwa Misago, nachoma matofali na vigae Makebuko, hapa Gitega. Shule niliishia darasa la tatu, kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Tabora. Mwalimu alisema nina kichwa kigumu. Sawa. Hicho kichwa kigumu ndicho kimeezeka nyumba nyingi mnazoziona mkielekea Buraza. Amani ilipopatikana nilirudi Burundi na jembe moja na mke mmoja. Jembe limeshakwisha, mke bado yupo.

Nayasema haya ili muelewe kwamba sijazoea kufanyiwa kazi ambayo naona naiweza. Maneno yote yalianzia hapo.

Sasa, mama yangu.

Mama ni mzee sana, anaishi mlimani kwetu Mwakiro, mkoa wa Muyinga, palepale tulipotoka siku ya kukimbia. Tuliporudi alikataa kukaa Gitega kwangu. Alisema kiwanja chake kimemsubiri miaka yote hiyo, hawezi kukiacha tena.

Ana watoto wawili tu walio hai. Mimi, na dada yangu mkubwa Anastazia.

Anastazia hakurudi. Alichukua uraia wa Tanzania, anashona nguo Mbagala, Dar. Ndiye aliyetembea kwa miguu siku ile akinishika mkono, mimi mdogo sielewi kitu. Yeye alielewa. Aliona. Mpaka leo hasimulii, na aliapa kwamba ile njia ya kuingia Burundi haipiti tena. Tukimwita kwa harusi anatuma kitenge. Tukimwita kwa msiba anatuma pesa na kulia kwenye simu.

Mama naye ana kiapo chake. Ukimwambia twende kwa basi tukamwone Anastazia, anasema, "Hiyo njia nilishaipita na watoto wawili na sufuria kichwani. Miguu yangu bado inaikumbuka. Siipiti tena."

Watu wawili wanapendana, wanalia kwenye simu kila Jumapili baada ya misa, na wote wawili wameikataa barabara moja.

Mwaka uliopita mama alianza kuumwa kifua. Siku moja akaniambia, bila kulia, kama mtu anayeagiza chumvi: "Mwana wanje, Noeli hii nataka kumwona Anastazia. Ya mwakani siijui."

Nikamwambia, "Mama, kuna njia nyingine. Tutapita juu."

Akaniangalia. "Juu wapi?"

"Kwa ndege."

Akafikiri. "Huko juu kuna choo?"

"Kipo."

"Basi nitakwenda."

Mke wangu Domitila akasema na yeye anakwenda, nani atamshika mama akiingia hicho choo. Tukawa watatu. Paspoti tukazifuatilia, zikatoka. Mama alipopigwa picha alikataa kutabasamu, akasema yule kijana hajamsalimia.

Sasa tiketi.

Pale sokoni Gitega, ninapouzia vigae vyangu, jirani yangu wa duka ni Mama Furaha, mama wa Uvira, anauza vitenge na huwa anafuata mzigo Dubai. Hizo tovuti anazijua kama mimi ninavyojua udongo. Akanikuta nimekaa na simu, miwani puani, nimefungua tovuti moja yenye picha ya familia inacheka ufukweni.

"Papa Misago, uko unafanya nini na hiyo telefone?"

"Nakata tiketi."

"We? Leta mi nijaze."

"Nina macho."

"Macho iko, lakini hii kazi iko na mitego, papa. Mi nimeliaka mbele ya hizi mashini, we hata imeili umefungua jana."

Nikamwambia kama nimeweza kupima moto wa tanuri kwa kuangalia rangi ya moshi, siwezi kushindwa na visanduku vya kujaza majina. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Bon. Mi naweka karte yangu ya banki wakati wa kulipa, we unipe pesa mkononi. Ingine yote shauri yako."

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuja mwisho kabisa, akaweka namba za kadi yake, akarudi kwa wateja wake. Majina hakuyaona. Sitaki mtu humu amlaumu Mama Furaha.

Ngojeni, lori la udongo limeingia, narudi.

Nimerudi. Dereva amemwaga udongo mahali ambapo sikumwambia, lakini hiyo si habari yenu.

Kwa Watanzania mlioko humu, hili lazima niwaeleze. Sisi Warundi hatuna jina la ukoo kama nyinyi. Mtoto akizaliwa anapewa jina lake mwenyewe, kufuatana na yaliyokuwepo nyumbani siku hiyo, shida au shukrani. Mimi ni Misago. Mama ni Nahimana Verediana. Mke wangu ni Kanyange Domitila. Nyumba moja, lakini ukitusoma kwenye karatasi utadhani tumekutana kwenye basi.

Ile tovuti nilikuwa nimeiweka kwa Kifaransa. Kwa kila abiria inataka vitu viwili: jina la ubatizo, halafu jina la familia.

Jina la familia!

Sasa nisikilizeni jinsi kichwa changu kilivyofanya kazi, msikimbilie kucheka.

Kule makazi, siku ya mgawo wa mahindi, karani alikuwa anapanda juu ya kiti na kuita jina moja tu, la mkuu wa kaya. Kwetu aliita "Ntirampeba!" Huyo ni baba. Baba hakuwepo. Siku ya kukimbia alirudi nyumbani kumfungua ng'ombe asife kwa kiu, na hatukumwona tena. Lakini mama alikataa kuandikwa mjane, akaandikisha jina la mumewe. Basi likiitwa Ntirampeba, tunasimama sote watatu, mama, dada na mimi, na tunajibu kwa pamoja, "Tupo!" Asiyesimama hahesabiwi.

Kwa hiyo mimi nimekua nikijua kwamba familia ikienda mbele ya watu wakubwa, inakwenda na jina la mwenye nyumba, wengine wanasimama nyuma yake.

Na sasa mwenye nyumba ni nani? Si ni mimi? Nyumba nimejenga mwenyewe, kwa matofali yangu.

Nikaandika. Leopoldi Misago. Domitila Misago. Verediana Misago.

Karatasi ilipokuja kwenye imeili nikaenda kuichapisha mjini. Kiingereza kingi, sikukisoma, lakini nikaona jina langu limepangwa hapo, moja juu ya jingine, kama matofali yanayosubiri moto. Wakuu, nilijisikia vizuri. Makebuko nzima waliiona ile karatasi. Hata kwa padri niliipeleka akaibariki, na padri naye hakuona kitu.

Siku ya safari tuliteremka Bujumbura asubuhi. Mama amevaa imvutano nyeupe, ile nguo yetu ya heshima ya kufunga begani, ameoga, ananukia sabuni. Mkononi kikapu cha maharage na mtama wa Mwakiro kwa ajili ya Anastazia. Alikataa kipimwe na mizigo, alitaka kukipakata.

Pale kaunta kuna binti mmoja mpole. Akachukua paspoti, akaangalia kompyuta. Akaangalia paspoti. Akaniangalia mimi.

"Muzehe, huyu Verediana Misago ni nani?"

"Ni mama yangu, huyu hapa."

"Paspoti yake inasema Nahimana."

"Ndilo jina lake."

"Na tiketi inasema Misago."

"Ndilo jina la familia."

Nikaona anatafuta maneno yasiyoniumiza. Akaniambia taratibu kwamba jina la kwenye tiketi lazima liwe lilelile la kwenye paspoti, na kwamba yeye hawezi kulibadilisha kwa sababu tiketi haikununuliwa kwao, imenunuliwa kwenye tovuti, na ni tovuti tu inayoweza kuigusa. Akanionyesha mahali pa kuandikia hiyo tovuti.

Nikaandika. Ikanijibu mashine. Inaniuliza kama nataka pia hoteli.

Nikampigia Mama Furaha. Nikamsomea majina. Akapiga ukelele:

"Yesu wangu! Papa Misago! Mama yako ameanza kuwa Misago siku gani? We ulimuoa?"

Alijaribu. Alipiga simu kwa hao watu kwa Kiingereza chake cha Dubai, aligombana nao, akanirudia sauti imepoa. "Papa, wanasema hapana. Kubadilisha jina yote namna hiyo haiwezekani, mpaka kukata mupya. Na leo nafasi ya mupya haiko. Tena mpaka nyuma ya Noeli."

Domitila alinigeukia pale mbele za watu. "Umenipa jina lako leo, baada ya watoto sita, ili niachwe uwanja wa ndege?"

Nikainama, nikaanza kukusanya mizigo yetu. 

Tiketi moja tu ilikuwa sawa. Yangu. Kati ya watu watatu, aliyekubaliwa kuruka ni yule ambaye safari haikuwa yake.

Nikamwambia mama, twende nyumbani. Nitakata nyingine mwezi ujao.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kikapu mapajani. Hakulia. Akauliza, "Ndege yako imekukubali?"

"Imenikubali, lakini mama, mimi siwezi..."

"Basi panda."

"Nikafanye nini peke yangu?"

Akanipa kikapu. "Mwambie Anastazia, mama amejaribu njia ya juu, imemkataa. Sasa zamu yake."

Wakuu, mimi ni mtu wa kubishana. Nimebishana na askari, nimebishana na mabenki. Hapo sikubishana. Niliingia ndani, nikapakata kikapu, na pembeni yangu viti viwili vitupu, vile tulivyokwisha kuvilipia. Dada wa ndege akaniuliza kama nasafiri peke yangu. Nikamwambia, ndiyo, nasafiri na jina langu.

Hakuelewa. Haidhuru.

Dar. Sikuwa na laini ya kule, na mama alikuwa amemkataza Domitila kupiga simu, alitaka ujumbe ufike kwa mdomo wangu, hivyo Anastazia hakujua kitu. Natoka mlangoni namwona, amenyoosha shingo, na mbele yake kiti cha magurudumu alichoazima parokiani, amekitandika kitenge kipya.

Akaniona. Akaangalia nyuma yangu. Akaangalia tena nyuma yangu. Halafu akaona kikapu cha mama mikononi mwangu.

 Alikalia kile kiti cha magurudumu mwenyewe. Alidhani mama amekufa na mimi nimemletea kikapu.

Nilipiga kelele pale watu wakageuka: "Yuko hai! Dada, yuko hai! Ni mimi niliyeandika vibaya!"

Alinyanyuka, akanipiga kwa mkoba. Mtu mzima, mvi kichwani, napigwa kwa mkoba mbele ya madereva teksi, na mmoja akasema, "Mpige mama, amekosea huyo." Nilistahili.

Kwake Mbagala alikuwa amemwandalia mama chumba. Kitanda kifupi ili asipande, shuka mpya za rangi ya maziwa alizozidarizi mwenyewe pembeni. Nikamfikishia ujumbe neno kwa neno. Njia ya juu imemkataa, sasa zamu yako.

 Alipika mtama wa Mwakiro, akaula polepole, amefumba macho.

Noeli tulikwenda misa wawili. Chakula kilikuwa cha watu wengi, tulikula wawili. Nilitaka kumsemesha nikajizuia, na wanaonijua wanajua hiyo ni kazi nzito kuliko kupakia tanuri.

Kesho yake asubuhi nikamkuta kwenye chumba cha mama. Anazivua zile shuka kitandani. Anazikunja. Anaziweka kwenye begi.

"Shuka nimezishona kwa ajili yake," akasema. "Zitakwenda. Na mimi siwezi kuziacha ziende peke yake."

Tiketi yangu ya kurudi kwa ndege niliiacha ife. Tulikata basi. Pale kwenye ofisi ya basi karani akamwuliza majina, na dada akasema bila kufikiri, "Anastazia Ntirampeba."

Nilimgeukia. Nilikuwa sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake hivyo. Kule Tanzania mtu hubeba jina la baba yake, na alipopata uraia ndilo aliloandikisha. Sisi tuliorudi hakuna hata mmoja anayelibeba. 

Njiani hadi Ngara alikuwa mchangamfu, ananunua karanga, anawatania wauzaji. Baada ya Ngara akazifunga karanga kwenye mkoba. Tulipofika Kabanga na kuiona milima ya upande wetu, akanishika mkono kwa nguvu, vilevile kama siku ile. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa mbele.

Kabla ya kuondoka Dar nilikuwa nimewapigia simu nyumbani kwamba tunakuja wawili, tukutane mpakani Kobero. Domitila alimtoa mama Mwakiro wakaja kutusubiri, upande wa huku. Mama alisema mpaka Kobero atafika, hatua moja zaidi hapana. Wamekaa kwenye benchi la abiria, mama na ileile imvutano nyeupe.

Lakini hatukuonana mara moja. Watu walikuwa wengi, mabasi mawili yameshuka pamoja. Mimi nilishagongewa muhuri, nikamwacha dada kwenye foleni nikasogea mbele kumtafuta mama. Paspoti zinakusanywa dirishani, afisa anagonga mihuri, halafu anaita mwenyewe aje achukue.

Anaita jina, mtu anakwenda. Anaita jina, mtu anakwenda.

Halafu akaita kwa sauti kubwa, kama yule karani juu ya kiti:

"Ntirampeba!"

Nikamwona mama anasimama.

Hakushika fimbo, hakumshika Domitila. Alisimama wima. Na mimi, wakuu, miguu yangu ilikuwa tayari imesimama, lakini mwili wote ulinyooka kama wa mtoto anayetaka kuhesabiwa. Na kule kwenye foleni dada yangu akainua mkono.

Afisa akatuangalia. "Nimeita mtu mmoja."

Mama akamjibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo:

"Tupo!"

Ndipo Anastazia akamwona.

Yaliyofuata siyaandiki, ni ya kwao. Nitasema tu kwamba yule afisa alitoka dirishani akaileta paspoti mwenyewe, na foleni ikasubiri, na hakuna aliyelalamika.

Dada yupo Mwakiro mpaka leo. Alisema atakaa wiki moja. Sasa anasema anasubiri maharage yakomae. Mama kifua bado kinamsumbua, lakini analalia shuka zenye darizi, na anawaambia majirani kwamba ndege ni kitu kizuri sana, yeye mwenyewe alikaribia kuipanda.

Sasa funzo, ndilo mlilokuja kutafuta.

Jina kwenye tiketi andika lilelile la kwenye paspoti, kila mtu la kwake, hata kama nyumba ni moja na aliyeijenga ni wewe. Warundi wenzangu hasa, hilo sanduku la jina la familia linawahusu. Tovuti siyo shirika la ndege. Ni dalali, na ukikwama unaongea na mashine. Ukishamaliza kujaza, kabla ya kulipa, mpe mtu mwingine asome. Mama Furaha alikuwa mita chache kutoka kwangu na mimi nikamwambia nina macho.

Pesa za zile tiketi mbili hazijarudi, na sizidai tena kwa nguvu.

Mnaotaka kunicheka, nafasi ndiyo hii, nimeshachekwa na Gitega nzima, nyinyi hamtaniua. Lakini ambaye tiketi ilimkataa kwa ajili ya jina naye aandike hapa chini ilikuwaje, na alifikaje alikokuwa anakwenda. Nitasoma moja moja, taratibu, na miwani yangu.

Domitila amesoma mpaka hapa. Anasema watoto ni saba.